Bima ya Mzee Askari Huanza kwa Kijana Asiyeumwa



Wengi wenu mlikuwapo Dominika ile tulipopitisha kikapu cha pili baada ya komunyo, kwa ajili ya mzee mmoja wa jumuiya yetu hapa Kasungami aliyekuwa amelazwa hospitalini. Sitamtaja kwa jina, lakini mnamfahamu. Ni yule mzee mrefu anayesimama wima wakati wa Injili kana kwamba jemadari wake amepita, na ambaye watoto wa mtaa humwita Ajida hata leo, miaka mingi baada ya kuvua sare.

Madaktari walikuwa wamemaliza kazi yao. Kiharusi kilikuwa kimeudhoofisha mkono wake wa kushoto, lakini aliweza kutembea na kusema, na siku ya Jumanne aliandikiwa ruhusa ya kurudi nyumbani. Alirudi siku kumi na mbili baadaye. Fakitire ilikuwa haijalipwa, na kila usiku aliozuiliwa kwa ajili ya deni uliongeza deni la kitanda. Kikapu chetu, pamoja na mbuzi wawili waliouzwa na jamaa zake, ndicho kilichomfungulia mlango.

Hata hivyo, lililonisumbua zaidi si deni lenyewe, bali kadi. Mwanawe, kijana wa makamo yenu anayeendesha pikipiki ya kukodi, alikuwa amemnunulia baba yake bima ya afya mwaka mmoja kabla. Alilipa kila mwezi bila kukosa. Alipoiweka kadi ile mbele ya karani wa hospitali, aliambiwa kwamba mkataba haukuhusu ugonjwa uliokuwapo kabla ya kutiwa sahihi. Na presha ya mzee ilikuwa imeandikwa katika daftari lake la matibabu tangu miaka sita. Kifungu hicho kilikuwa katika ukurasa wa tatu, kwa Kifaransa, kwa herufi ndogo. Hakuna aliyemsomea. Na mimi, niliyesomea ualimu na kuwafundisha wengine kusoma, nilioneshwa kadi ile siku ilipoletwa. Niliisifu. Sikuomba kuuona mkataba.

Ndiyo sababu ninawaandikia leo juu ya jambo ambalo halizungumzwi sana katika kurasa hizi: namna ya kumchagulia mzee aliyekuwa askari kinga ya ziada ya afya. Nitasema mapema ninaloamini, ili mniambatane au mnipinge kwa haki. Ninaamini kwamba uchaguzi huu haumfai mzee kuufanya peke yake, na wala haukamiliki kwa kumnunulia kadi. Kinga ya kweli ya mzee hupatikana pale kijana asiyeumwa anapokubali kuingia pamoja naye.

Kwanza, wazee hawa ni nani? Katika mji wetu wa Lubumbashi wanaishi watu waliovaa sare ya jeshi lilelile kwa majina mengi. Baada ya Force Publique ya wakoloni, mwaka 1960 likaja jeshi la taifa, ANC. Mwaka 1971 likaitwa FAZ, jeshi la Zaire. Mwaka 1997 likaitwa FAC. Na tangu 2003 linaitwa FARDC. Wako pia waliokuwa vijana sana katika jandarmeri ya Katanga wakati wa kujitenga kwa jimbo letu, kati ya 1960 na 1963. Wengine walipigana katika vita vya Shaba, mwaka 1977 na tena Kolwezi mwezi wa Mei 1978, wakiwa pande mbili zilizolengana bunduki. Leo wanakaa katika benchi moja la kituo cha afya, wakingoja kupimwa presha kwa kifaa kimoja.

Katika mkutano wetu wa vijana baada ya kikapu kile, binti mmoja aliinuka akauliza kwa heshima: "Baba Katekista, kwa nini sisi tuwalipie askari? Wazazi wetu walinyang'anywa mali na askari." Baadhi yenu mlimzomea. Mlikosea. Swali lake ni la haki, na linastahili jibu.

Mimi nilikuwa kijana mwaka 1991, askari wasiolipwa walipopora miji ya nchi hii, Kinshasa mwezi wa Septemba na Lubumbashi mwezi wa Oktoba. Nyumbani kwetu watu wenye silaha waliichukua cherehani ya baba yangu, ambayo ndiyo iliyotulipia shule. Baba hakushona tena mpaka alipokufa. Kwa hiyo simwambii binti yule asahau, kwa maana mimi sijasahau.

Siku moja, nikimpelekea mzee wetu Ekaristi, nilimwuliza alikuwa wapi mwezi ule wa Oktoba. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Mwalimu, nilikuwa kambini. Sikubeba kitu cha mtu. Lakini pia sikumzuia mtu." Sijui wangapi kati yetu tungeweza kujibu kwa ukweli kama huo.

Jibu langu kwa binti yule ni hili: dawa si nishani. Nishani hupewa aliyestahili. Dawa hupewa anayeumwa. Mwezi wa Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa, alimvika nishani Kaporali Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, aliyetambuliwa kuwa mwanajeshi wa mwisho aliye hai wa Force Publique ya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ilikuwa heshima ya haki. Lakini nishani huvikwa siku moja, mbele ya wapiga picha, na kidonge cha presha humezwa kila asubuhi, mahali ambapo hakuna anayetazama. Msamaria wa Injili hakuuliza yule mtu wa njiani alikuwa ametenda nini kabla ya kupigwa. Angalieni pia alivyofanya kwa hekima: hakumwachia mwenye nyumba ya wageni maneno mazuri, alimlipa dinari mbili mapema, akaahidi kulipa kitakachozidi. Malipo ya mapema, na ahadi juu ya kitakachozidi: huo ndio mwili mzima wa bima.

Sasa tuangalie kile kilichopo, maana huwezi kuchagua cha ziada kama hujui cha msingi.

Sheria ya tarehe 15 Januari 2013 juu ya hali ya mwanajeshi wa FARDC inaweka matunzo ya afya miongoni mwa haki za mwanajeshi na familia yake. Lakini mzee wetu alivaa sare zamani, na kati ya haki iliyoandikwa na dawa iliyo mkononi kuna safari. Anayetaka kujua mzee wake anadai nini lazima aende na hati zake mahali jeshi linapowahudumia watu wake, aulize, na aombe jibu lililoandikwa.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mwaka 1972, katika siasa ya kurudia uhalisi, Wazaire waliamriwa kuacha majina ya kikristu. Kijana aliyeandikwa jeshini mwaka 1969 kwa jina la ubatizo alipewa hati nyingine baadaye kwa jina la ukoo, kisha kadi ya uchaguzi ya leo ikaandikwa kwa jina la tatu, au kwa jina lile lile lenye herufi moja iliyobadilika. Kwa karani, hao ni watu watatu. Kabla ya kutafuta bima yoyote, kaeni na mzee, zitandazeni hati zake mezani, mlinganishe majina na tarehe za kuzaliwa. Kazi hiyo hailipiwi, na mara nyingi ndiyo inayoamua kama atahudumiwa au atarudishwa.

Kuna pia mpango wa Serikali wa afya kwa wote. Ulizinduliwa Kinshasa tarehe 5 Septemba 2023, ukaanza na kujifungua bure na matunzo ya watoto wachanga. Ni jambo jema, na dada zenu wanalihitaji. Lakini babu mwenye kisukari halimgusi bado. Dawa za kifua kikuu na za virusi vya UKIMWI hutolewa bure katika programu za taifa. Msikubali kuchangia bima kwa ajili ya kitu ambacho tayari ni bure. Na msidhani kwamba kaka mwenye namba ya CNSS amemkinga baba yake: mfuko huo hulipa pensheni, ajali za kazini na posho za familia, si bima ya ugonjwa. Hata kampuni za migodi, zinazotibu mfanyakazi pamoja na mwenzi na watoto wake, kwa kawaida hazimhesabu baba wa mfanyakazi.

Tofauti kati ya yale yanayolipwa na yale yanayohitajika ndiyo nafasi ya kinga ya ziada. Wala msifikiri kwamba ni shida ya nchi maskini tu. Huko Marekani, askari aliyetumikia mpaka kustaafu, akifikia miaka 65, huwa na Medicare, bima ya Serikali kwa wazee, na juu yake anaweza kuwa na TRICARE for Life. Medicare hulipa kwanza. Ile ya pili hulipa sehemu inayobaki. Lakini kama mstaafu hakujiandikisha katika ile sehemu ya Medicare inayotozwa mchango wa kila mwezi, ile ya pili haimfuniki, na anayechelewa kujiandikisha anaweza kuongezewa mchango kwa maisha yake yote. Basi hata kwenye mali nyingi, watoto wa askari wanakaa mezani na karatasi, wakiuliza maswali yale yale: nani analipa kwanza? Nani analipa kinachobaki? Siku ya mwisho ya kuandikishwa ni lini?

Kwetu kuna milango miwili. Wa kwanza ni kampuni za bima. Kwa miaka mingi SONAS ilikuwa peke yake. Sheria ya bima ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, na sasa kampuni kadhaa zinafanya kazi chini ya uangalizi wa mamlaka inayoitwa ARCA. Mlango wa pili ni mitueli ya afya, yaani chama cha watu wanaochanga mapema ili walipiane gharama za ugonjwa bila kutafuta faida. Mitueli zinasimamiwa na sheria ya tarehe 8 Februari 2017. Walimu wenzangu wa shule za Serikali wanaifahamu vizuri, kwa sababu wana ya kwao, na mchango wake hukatwa katika mshahara.

Sisemi kwamba kampuni ni wezi. Kampuni huuza kile kilichoandikwa, wala si kile tulichotumaini. Lakini kampuni hupima hatari ya kila mtu, na mzee wa miaka sabini na mitano mwenye presha ni hatari kubwa. Basi ama humtoza sana, ama humwacha nje, ama humpokea na kuuacha nje ugonjwa wake. Kwa familia nyingi za mtaa wetu, zinazoishi kwa makala, pikipiki, matofali na shamba la mahindi, naona mitueli inayopokea nyumba nzima ndiyo njia inayofaa zaidi. Familia yenye kipato kikubwa inaweza kuchagua vinginevyo. Lakini mlango wowote mnaouchagua, kwanza ulizeni maswali haya, na mwandike majibu katika daftari.

Swali la kwanza: je, kuna kikomo cha umri, na ugonjwa uliokuwapo unahesabiwa? Msikubali jibu la mdomo. Ombeni kuoneshwa kifungu, na mmwombe mtu anayejua Kifaransa awasomee kwa Kiswahili, neno kwa neno.

Swali la pili: muda wa kungoja ni miezi mingapi? Mitueli nyingi haziwalipii wanachama wapya katika miezi ya kwanza, ili watu wasiingie siku wanapougua na kutoka siku wanapopona. Ni haki, lakini maana yake ni kwamba bima hainunuliwi katika ambulansi.

Swali la tatu: ni vituo gani vinavyopokea kadi, na kwa usiku? Mtu wa Kasungami anahitaji kituo anachoweza kufikiwa wakati wa mvua, pikipiki zinapokwama katika tope. Ulizeni pia kama kadi inapokelewa katika hospitali kubwa ambako kituo hicho huwapeleka wagonjwa wake waliozidiwa. Kadi inayoishia kwenye kituo kidogo haimsaidii mwenye kiharusi.

Swali la nne: mgonjwa mwenyewe anabakiwa na sehemu gani? Tuchukue mfano. Bima ikilipa asilimia 80, fakitire ya dola 500 inawaachia dola 100. Je, mnazo? Na kama kuna kikomo cha mwaka, tuseme dola 300, basi kwenye fakitire hiyo hiyo mtabakiwa na dola 200. Ni bora kuijua hesabu hiyo kabla ya kulazwa.

Swali la tano: dawa za kila siku zimo? Ugonjwa wa wazee si wa kulazwa tu. Presha na kisukari hutaka vidonge kila siku na vipimo kila mara. Bima inayolipa kulazwa na kuacha vidonge nje, inangoja kiharusi ndipo ilipe. Angalieni pia macho, kwa maana mtoto wa jicho huwafunga wazee wengi nyumbani ingawa upasuaji wake ni mfupi.

Swali la sita: mama je? Mke wa askari alifuata kambi, alilima, alizika watoto mbali na kwao. Mzee akifa, je, kadi inakufa naye, au mjane anabaki ndani?

Swali la saba: nani anashika fedha, na mkutano mkuu wa wanachama hukutana lini? Hapo nitarudi baadaye kidogo.

Sasa nifike kwenye kiini. Mtasema: Baba Katekista, tumeelewa, tutawaandikisha wazee wetu katika mitueli. Hapana. Mkiwaandikisha wazee peke yao, mitueli itakufa, na itastahili kufa. Fanyeni hesabu pamoja nami, kwa mfano tu. Wazee kumi na watano wakichanga dola moja kila mmoja kwa mwezi, kwa mwaka wanapata dola 180. Mmoja akipasuliwa, sanduku limekwisha, na kumi na wanne wanabaki na kadi tupu. Lakini nyumba arobaini za watu sita zikiingia zote, ni watu 240. Kwa mchango ule ule, kwa mwaka ni dola 2,880. Wengi wao ni vijana na watoto ambao hawatalazwa mwaka ule. Fedha yao haikupotea. Imelala katika kitanda ambacho wangeweza kukilalia wenyewe.

Hili si ndoto ya katekista. Mwaka 1986, huko Bwamanda, kaskazini-magharibi ya nchi yetu, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Sud-Ubangi, hospitali ya wilaya ilianzisha bima ya hiari kwa wakulima. Familia iliingia nzima. Haikuruhusiwa kumwandikisha mgonjwa peke yake na kuwaacha wazima. Michango ilikusanywa katika majuma ambayo wakulima wameuza mazao na wana fedha mkononi. Mwanachama aliyelazwa alilipa sehemu ya tano tu ya gharama. Ndani ya miaka michache zaidi ya nusu ya wakaaji walikuwa wameingia, na kazi iliendelea hata wakati ambapo fedha ya Zaire ilikuwa ikianguka na Serikali haileti kitu. Watu walioishi mbali na hospitali waliingia kwa uchache kuliko waliokaa karibu. Ndiyo maana nilisema habari ya umbali. Majirani zetu wa Rwanda nao walijenga mitueli zao nchi nzima, hadi zikawafikia sehemu kubwa sana ya wakaaji, kwa kuifanya iwe ya kila mtu, wala si ya wagonjwa.

Najua mtakayojibu, na baadhi ni mazito.

Mtasema hamna kazi. Ni kweli kwa wengi wenu. Lakini nimewaona mkichanga kwa ajili ya sare za kwaya, za Xaveri na za Kiro, na kwa sherehe za siku ya vijana, na mkafaulu. Sisemi muache kuimba. Nasema kwamba mnaoweza kupata vitenge vya kwaya nzima kwa mwezi mmoja, mnaweza pia kupata mchango wa nyumba ambazo hazina kabisa.

Mtasema fedha italiwa. Hili ndilo ninaloliogopa mimi pia. Nimeona masanduku ya jumuiya yakipotea pamoja na mweka hazina wake. Dawa ya hofu hii si kukataa, ni kusimamia. Mitueli ndogo mpya isianzishwe kwa furaha ya siku moja. Mara nyingi ni afadhali kuingia katika ile iliyokwisha kuandikishwa kisheria, yenye mapatano na vituo vya afya, kuliko kuzaa yetu dhaifu. Na mkiwa ndani, nendeni katika mkutano mkuu. Mwanachama asiyekwenda kwenye mkutano hana haki ya kushangaa sanduku likiwa tupu. Ninyi mmesoma hesabu. Ombeni vitabu, muvisome.

Na mtasema, hasa wale wenye bidii: hiyo ni kazi ya Serikali, tukichanga sisi, tunaipunguzia aibu. Nalikubali neno hili kwa nusu. Askari alitumwa na Serikali, na Serikali inadaiwa. Haki hiyo idaiwe kwa barua, kwa hati zilizolinganishwa, kwa majina ya wazee wote wa mtaa yakiandikwa pamoja. Lakini mshipa wa kichwa cha mzee haungoji bajeti. Papa Leo wa XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, aliwakumbusha watawala wajibu wao kwa wanyonge, na katika barua hiyo hiyo alivisifu vyama vya watu vya kusaidiana wakati wa ugonjwa na uzee. Hakuona pingamizi kati ya hayo mawili, nami sioni. Anayedai haki ya mzee aliye hai ana nguvu kuliko anayeidai kaburini pake.

Basi, ninapendekeza jambo moja dogo kwa kila kundi la vijana la parokia. Kabla ya tarehe 11 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martino wa Tours, ambaye alikuwa askari kabla ya kuwa askofu na alimkatia maskini nusu ya joho lake, wekeni vijana wawili wawili kwa kila mzee askari na kila mjane wa askari katika mtaa wenu. Nendeni siku ambayo mzee ana nafasi. Msianze na karatasi. Anzeni kwa kumsalimu na kuketi. Kisha muombe kuziona hati, mlinganishe majina, muandike dawa anazotumia na kituo anachokwenda. Mkiwa na daftari hilo, nendeni kwenye mitueli na muulize yale maswali saba. Mwishoni, ulizeni swali la nane, ambalo ni lenu wenyewe: je, nyumba yetu nasi tutaingia?

Mwana wa mzee wetu hakukata tamaa. Aliivunja bima ile mwisho wa mwezi, na safari hii alikuja na karatasi za mitueli kwangu usiku, tukazisoma mbele ya taa mpaka ukurasa wa mwisho. Muda wa kungoja ni miezi mitatu. Presha inahesabiwa. Nyumba inaingia yote au haiingii. Aliandika majina saba: baba, mama, mkewe, watoto watatu, na lake mwenyewe. Alipofika kwenye lake alisita kidogo akasema, "Baba Katekista, mimi siumwi kitu." Nikamwambia kwamba ndiyo sababu hasa tunalihitaji jina lake. Akaliandika.

Kisha akanigeuzia karatasi akaniuliza mimi ninangoja nini. Sikuwa na jibu. Juma lililofuata nami niliandikisha nyumba yangu.